Chumvi ya Kresensia

Shahidi wa kwanza dhidi ya Fundi Winfridi Mgimba alikuwa hesabu yangu, na hesabu yangu, hadi siku ile, ilikuwa haijawahi kushindwa na mtu.

Sisemi hivyo kwa majivuno. Haya basi, ni majivuno kidogo. Mimi ni Imelda Mlelwa, mkokotoaji mkuu wa Tanuri la Litundu, huku kwenye milima ya Ludewa, na kazi yangu ni kujua joto linatoroka vipi kutoka kwenye tao la umeme, ule upinde wa moto unaoyeyusha chuma. Nimeifanya kwa miaka tisa, na naijua vizuri.

Karani aliliweka sanduku jeusi kwenye kiti cha mashahidi, akalifunga mkanda lisianguke, kisha akaliapisha. Mtu mgeni angecheka, lakini ukumbi mzima ulikuwa kimya. Ndani ya sanduku ilikuwemo Modeli ya Saba, modeli yangu, yenye muhuri wangu. Kwa sheria ya siku hizi, modeli yenye muhuri ni shahidi kamili, na neno lake huzidi neno la mtu. Watu walikwisha kuchoka na mashahidi wanaosahau, wanaoogopa na wanaonunulika.

"Shahidi aeleze," alisema Mwenyekiti wa baraza, Bi Tabitha Ngonyani.

"Kwa gesi iliyosajiliwa," lilisema sanduku kwa sauti yake isiyo na haraka, "mwanga unaopita kwenye kioo cha uso kilichoteremshwa ni moja ya tano ya kiwango cha madhara. Kioo kikiwa chini, jeraha la jicho la Fundi Mgimba haliwezekani."

Mwenyekiti aliniomba nifafanue kwa lugha ya watu. Nikasimama. Nikaeleza kwamba tao letu lina urefu wa mkono wa mtu mzima, na katikati yake joto linafika nyuzi elfu kumi na mbili. Joto hilo lina njia tatu za kutorokea: kwa kugusana, kwa kubebwa na gesi inayopanda, na kwa nuru. Nuru ndiyo mkorofi. Mwanga unaozaliwa katikati ya tao haufiki wote nje, kwa sababu gesi ya pembeni, iliyopoa kidogo, humeza sehemu yake. Kwa hiyo modeli yangu huchukua rangi moja moja, rangi laki mbili, na kila moja huulizwa maswali yaleyale: umezaliwa kiasi gani, umemezwa kiasi gani, umetoka kiasi gani?

"Na kioo cha fundi?"

"Kimetengenezwa kwa kufuata modeli hiyo, Mheshimiwa. Kinazuia buluu na weupe, ambako tao lina hasira. Kinaacha mwanya mdogo wa njano, ambako tao halitoi karibu kitu, ili fundi aweze kuona chuma kinavyoyeyuka."

Nakumbuka niliupenda sana ufafanuzi wangu.

"Fundi Mgimba," alisema Mwenyekiti, "unasemaje?"

Winfridi alisimama. Ni mtu mrefu, mwenye mabega ya mbeba magunia, na siku hiyo alikuwa na kitambaa juu ya jicho la kushoto. "Kioo kilikuwa chini," alisema.

"Una la kuongeza?"

Alinitazama mimi, siyo Mwenyekiti. "Sina."

Kupandisha kioo mbele ya tao ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa fundi wa tanuri. Anayepatikana nalo bila kukiri hunyang'anywa leseni maisha yake yote, na jina lake husomwa mbele ya kila zamu mpya kama mfano wa uzembe. Mwenyekiti akaniuliza kama ninasimama na muhuri wangu. Nikajibu kwamba nasimama nao. Akaahirisha shauri hadi Alhamisi, siku ya uamuzi.

*

Kesho yake mchana nilimfuata Winfridi nyumbani kwake. Niseme ukweli: sikwenda kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikwenda kumshawishi akiri. Yeye ndiye aliyenifundisha, mwaka wangu wa kwanza, kutambua kwa harufu kwamba elektrodi inakaribia kuisha, na sikutaka aangamie kwa ukaidi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kichaka cha mianzi, akichonga vichwa vya mianzi ili ulanzi, ile pombe ya mianzi, uanze kutoka. Alinyanyua panga, likapita hewani kando ya mwanzi. Akanyanyua tena. Likapita tena. Mara ya tatu alishika mwanzi kwa mkono ili ajue uko wapi.

"Kamwene, Mama Kresensia," alisema bila kugeuka. Tangu nijifungue, hakuna mtu wa zamu yake aliyeniita kwa jina langu tena.

"Kamwene, Fundi. Nimekuja kukusihi. Ukikiri watakufungia leseni miaka miwili. Ukiendelea kukataa, ni maisha."

"Nikiri nini?"

"Kwamba ulipandisha kioo."

Alicheka mpaka akaliweka panga chini. "Miaka ishirini na sita nachungulia lile dirisha la tanuri. Mke wangu mwenyewe sijamtazama hivyo, na ananilaumu. Leo nipandishe kioo nikatafute nini?"

"Basi niambie uliona nini."

Alifuta panga kwa jani, upande huu na upande ule, kwa muda mrefu kuliko panga lilivyohitaji.

"Njano," alisema mwishowe. Halafu, harakaharaka, kama aliyeachia kitu kikamponyoka: "Mtoto hajambo? Ameanza kukaa?"

"Njano ya namna gani?"

"Kama kiini cha yai la kienyeji. Dirisha lote. Mama Kresensia, nimekuuliza habari za mtoto."

Akili yangu ilikuwa kwenye njano. Gesi yetu ni agoni na hidrojeni, na tao lake kule juu, kwenye usawa wa dirisha la fundi, ni jeupe lenye ubuluu. Halijawahi kuwa la njano. Lakini mwanafunzi yeyote aliyewahi kuangalia sufuria ya maji ya chumvi ikifurika kwenye jiko la gesi anajua moto hugeuka rangi gani: njano.

Pale Litundu kuna jambo ambalo haliko kwenye kitabu chochote cha kazi. Mtu wa zamu akipata mtoto, siku anayorudi kazini hupewa kimfuko cha chumvi. Hupanda ngazi hadi mdomo wa juu wa tanuri, hapo zamu nzima inasimama, naye huchota chumvi kwa vidole vitatu na kuiweka kwenye kiganja. Mchoto mmoja kwa kila mwaka ambao wazazi walimsubiri huyo mtoto. Zamu huhesabu kwa sauti. Kisha chumvi yote hurushwa mara moja kwenye tanuri, watu wanapiga vigelegele, wanarudi kazini. Wengi huhesabiwa mmoja, wawili wakizidi. Aliyeanzisha hakumbukwi. Mameneja wote wanajua, na wote hujifanya hawajui.

Mimi na mume wangu Gaudensi tulimsubiri Kresensia miaka kumi na moja.

Siku niliyotoka likizo ya uzazi nilipanda ngazi ile huku nikilia na kucheka. Walihesabu mpaka kumi na moja, na kila namba ilikuwa mwaka niliouishi. Kiganja kilijaa. Nikairusha yote. Winfridi hakuwa juu pamoja nao, alikuwa zamu kwenye dirisha lake, kioo usoni, akifanya kazi yake. Niliwaaga nikaenda kumnyonyesha mwanangu. Jicho la Winfridi lilianza kuuma kesho yake, na hakuripoti mpaka siku ya tatu, baada ya kuona doa ambalo halikuondoka.

"Ulijua," nilimwambia.

Winfridi aliokota panga. "Mianzi hii isipochongwa leo itakauka," alisema, akaendelea na kazi.

*

Asubuhi yake niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikaifungua Modeli ya Saba na kuingiza kitu ambacho sikuwahi kufikiria kukiingiza: sodiamu, yaani nusu ya chumvi ya mezani.

Sodiamu ni metali yenye mkono mwepesi. Huachia elektroni yake kwa joto dogo tu, kwa hiyo mvuke wake ukiingia kwenye tao, umeme hupata njia pana zaidi. Tao hunenepa. Halafu mvuke huo humwaga mwanga wa njano, na gesi safi ya pembeni haina uwezo wa kuumeza. Niliiacha mashine ikokotoe huku nikinywa chai iliyokwisha kupoa.

Kwa mchoto mmoja, mwanga uliopita kwenye kioo ulikuwa chini ya kiwango cha madhara. Kwa michoto miwili, bado chini. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyeumia. Kwa kumi na moja, ulikuwa mara tisa nukta mbili ya kiwango hicho, kwa sekunde nne. Kumbukumbu za tanuri huandika wastani wa dakika nzima, kwa hiyo sekunde zangu nne zilizama humo na hakuna aliyeziona.

Na zilipita wapi? Zilipita kwenye ule mwanya wa njano, mwanya niliouchagua mimi, kwa sababu modeli yangu iliapa kwamba njano haina hatari.

Niliona aibu. Sina neno jingine la kuipamba. Kisha nikaanza kuhesabu kingine.

Muhuri wa modeli huondolewa na mtu mmoja tu, aliyeitengeneza modeli, na akishauondoa hapigi tena muhuri mwingine maisha yake. Sheria iliwekwa kali hivyo ili wakokotoaji wasigeuze maneno kila wakibanwa. Hilo ni langu, ningelibeba. Lakini lilikuwepo la pili. Chumvi ya mtoto haisemwi vibaya. Watu wa Litundu wanaamini kwamba chumvi ikilalamikiwa, lawama humfuata mtoto mwenyewe. Mimi siamini. Ila Kresensia atasoma na watoto wa wanaoamini, atachota maji nao, ataolewa kati yao. Nilimwona ana miaka saba, amesimama uwanjani, mtoto mwenzake anamwambia: wewe ndiye uliyempofusha Babu Winfridi.

Kwa hiyo swali lilikuwa hili, na nililiandika kwenye karatasi ili nisijidanganye: jina la nani lisomwe mbele ya zamu mpya? La Winfridi, au la mwanangu?

*

Meneja wetu, Bwana Rwechungura, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Si mtu mbaya. Ana kipara kinachong'aa, ana subira, na anapenda mambo yamalizike pasipo kelele.

"Dada Imelda," alisema, "tuliangalie kwa utulivu. Modeli ya Nane unaiwekea sodiamu. Jumatatu napiga marufuku chumvi kwenye ngazi, nasema ni usafi. Winfridi nampeleka stoo ya elektrodi, mshahara uleule. Hakuna atakayeumia tena. Hivyo vyote si ndivyo unavyovitaka?"

"Na jina lake?"

"Jina litasomwa mwaka mmoja, miwili. Watu husahau."

"Yeye hatasahau. Kila akichonga mwanzi atakumbuka."

"Tanuri la pili linasubiri muhuri wako. Watu mia sita wanasubiri tanuri la pili." Aliinamisha kichwa. "Na una mtoto mchanga. Umemfikiria?"

Hapo alinigusa, na alijua. Nilitazama mikono yangu. Nitakiri kwamba kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai nilikubali kila alilosema. Lilikuwa na mantiki, lilikuwa na huruma, na kila mtu angebaki na kitu. Isipokuwa Winfridi angebaki na uongo uliosemwa na sanduku langu, kwa kiapo, kwa muhuri wangu.

"Nipe tanuri la majaribio Alhamisi asubuhi," nilisema.

"Utathibitisha mbele ya baraza? Ukikosea je?"

"Sikosei, Bwana Rwechungura. Hilo ndilo tatizo letu sote sasa."

*

Alhamisi baraza lilihamia kwenye karakana ya majaribio. Tanuri la humo ni dogo, kama pipa la maji, lakini tao lake ni lilelile. Zamu nzima ya Winfridi ilikuja, wakasimama ukutani na makoti yao ya baridi ya milimani. Sanduku jeusi lilifungwa mkanda kwenye kiti chake. Gaudensi alisimama karibu na mlango, Kresensia amelala mgongoni kwake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "naondoa muhuri wangu kwenye Modeli ya Saba."

Minong'ono ikapita ukutani. Bi Ngonyani alivua miwani. "Unajua gharama yake?"

"Naijua."

"Na unajua kwamba ukiondoa bila kuthibitisha sababu, shauri linabaki bila jibu, na fundi anabaki bila leseni?"

"Ndiyo maana tuko hapa." Nikawageukia watu wa zamu, kwa sababu wao ndio niliokuwa nawaogopa. "Siku Fundi Winfridi alipoumia, kuna kitu kiliingia kwenye tao ambacho modeli yangu haikukijua. Ilikuwa chumvi. Chumvi ya mwanangu. Niliirusha mimi, michoto kumi na moja, na kioo nilichokichagua mimi kiliipitisha."

Mwanamke mmoja, mwendesha winchi, aliziba mdomo kwa ncha ya kanga yake. Nilikuwa nimeisema vibaya chumvi ya mtoto, hadharani, na mtoto mwenyewe yupo.

Nikaenda ubaoni. Kipimo cha mwanga kilikuwa kimewekwa mbele ya dirisha la tanuri, nyuma ya kioo cha kawaida cha fundi kilichoteremshwa. Sisi sote tungekuwa nyuma ya ukuta mfupi wa kinga, macho kwenye mshale wa kipimo, mbali na moto. Nikaandika kwa chaki, kubwa kubwa: 9.2. "Hiki ndicho kipimo kitakachosoma," nilisema. "Mara tisa nukta mbili ya kiwango cha madhara. Kikisoma vingine, nifukuzeni."

Nilitoa kimfuko cha chumvi. Kabla sijafika kwenye ngazi, mkono mkubwa ulikishika.

"Hii si kazi ya mama," alisema Winfridi, siku hiyo bila kitambaa jichoni. "Mama alisharusha yake."

"Fundi, huna leseni," alisema Bwana Rwechungura.

"Kurusha chumvi hakuna leseni, Meneja. Au kuna? Kitabu kinasemaje?"

Bwana Rwechungura, ambaye miaka yote amejifanya hajui jambo hili lipo, alimpisha njia. Mwenyekiti alikuwa akiangalia dari, na nadhani alikuwa anazuia tabasamu.

Winfridi alipanda hadi mdomo wa juu, nyuma ya ngao ya chuma. Akachota kwa vidole vitatu, akainua mkono zamu yote iuone. "Ya Kresensia!" alisema. "Moja!"

Mara ya kwanza alihesabu peke yake. Mbili, wakajibu watu wawili watatu. Ilipofika nne, ukuta mzima ulikuwa unahesabu, na ilipofika tisa sauti ilikuwa kubwa hata mtoto akaamka. Kumi na moja. Akarusha, akageuza uso.

Karakana yote ikawa ya njano. Iliingia juu ya ukuta, kwenye dari, kwenye vipara na kanga. Mshale wa kipimo uliruka, ukatetemeka, ukakaa kwa sekunde nne, ukaanguka.

"Tisa nukta nne," alisoma karani.

Vigelegele vililipuka. Mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikizichukia zile sehemu mbili za kumi zilizozidi, nikijiuliza nimekosea wapi.

Bi Ngonyani alisubiri watulie. Akaandika kwamba kioo cha Fundi Mgimba kilikuwa chini, na kwamba leseni yake inarudi tangu dakika ile. Kisha akaninyooshea kiganja. Nilivua muhuri shingoni, kipande cha shaba nilichokivaa miaka tisa, nikampa. Karani alikibana mezani, akachukua tupa na kukwaruza herufi za jina langu, moja baada ya moja. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Sikulia hapo, nililia baadaye, garini, na Gaudensi aliendesha polepole kwa ajili hiyo.

Lakini kabla ya gari, nilimkuta Winfridi nje, anakung'uta chumvi kwenye viganja.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Ulisimama barazani. Ungesema neno moja tu."

"Dirisha lilipogeuka njano, nilikuwa nasikia wenzangu juu wanakupigia vigelegele. Nilijua ni nini. Nikasema moyoni, haya, hii ni ya yule mtoto aliyesubiriwa miaka kumi na moja." Aliinua mabega. "Ningesimama mimi, baba mzima, nimshitaki mtoto mchanga?"

"Sasa nimemshitaki mimi mwenyewe."

"Umejishitaki wewe. Tumesikia sote." Alielekeza kichwa karakana. "Na chumvi yake imerushwa upya, imehesabiwa, na hakuna aliyeumia. Atakayemwambia ya kwanza atamwambia na ya pili, au atakutana na mimi."

Nilitaka kumshukuru. Nikamwambia tu kwamba Modeli ya Nane itakuwa na sodiamu, na kioo kipya hakitakuwa na mwanya wa njano, na nitaikokotoa yote mwenyewe, muhuri aupige mtu mwingine yeyote.

"Na chumvi?"

"Kengele ilie kwanza. Kila aliye dirishani ageuke. Hata wakirusha gunia."

"Hapo sawa," alisema.

Gaudensi alifika na Kresensia, ambaye alikuwa macho, amekasirika kwa kuamshwa. Winfridi aliifuta mikono kwenye koti mara mbili, akampokea, akampakata kwenye mkono mmoja. Mtoto akamkodolea. Winfridi akainamisha uso karibu, akausogeza huku na huku, akitafuta. Kisha akafumba jicho la kushoto ili amwone vizuri.